Leo Sipitii kwa Wifi

Baba mkwe,

Usishtuke, ni mimi, mke wa Lugano, mama yake Tumpe. Najua haifai nikuite hivi bila mtu wa katikati, na wapo ndugu wa Ileje watakaosoma hapa wagune. Waache wagune. Miaka tisa nilikuwa mkamwana wako na sikuwahi kukupa hata shikamoo kwa mdomo wangu. Sasa umelala kule kwenu, karibu na mwanao, na mimi nina jambo lako sijalijibu. Ningeweza kuliandika nikalifungia kabatini, lakini mambo yetu yaliharibika kwa kusemwa pembeni, kwa hiyo hili nalisema mbele ya watu.

Wewe unaijua mila, ila wengine watakaosoma hawaijui. Kwenu Undali, huko Ileje, mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamsalimii, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, hataji jina lake. Akimwona njiani anachepuka shambani mpaka apite. Sisi Wanyiha wa Iyula tunayo pia, lakini tumeilegeza; kwenu imekazwa, na shangazi yangu alinionya mapema kwamba niendako nitaishi zaidi kwa masikio. Sikuichukia. Ilikuwa heshima, na heshima ina unafuu wake: hukuwahi kuniona nimekasirika, nami sikuwahi kukuona umelewa. Kikohozi chako nilikijua kuliko sura yako.

Ulipopata kiharusi na miguu ikagoma, Lugano alikuleta kwetu Tunduma, uwe karibu na barabara na madaktari. Nyumba yenyewe unaikumbuka, sebule na vyumba viwili, jiko nyuma. Sebule ikawa yako. Mimi nikawa wa chumbani na mlango wa uani, na kati yetu pazia la kijani. Alikuja pia wifi yangu, binti yako, akuhudumie. Asubuhi alikuogesha na kukulisha, mchana akavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kuuza vitenge vyake, jioni akarudi. Maneno yetu yote yalipita kwake. Ulitamani ugali wa ulezi, nikaambiwa na wifi. Nikitaka kujua kama dawa zimeisha, wifi akakuuliza. Nilikuwa nakusikia kabisa ukijibu, na bado nilisubiri aje aniambie ulichosema.

Unakumbuka siku Lugano aliporudi na lori kutoka Lubumbashi akiwa na ile TV nyembamba ya ukutani? Aliifunga mwenyewe, kisha akachukua kompyuta yangu ya kufundishia, ile ndogo ya mapajani, akaenda nayo chumbani. Mara picha za ubatizo wa Tumpe zikatokea mbele yako, hakuna waya wowote. Ukadai uonyeshwe waya umefichwa wapi. Akakueleza kwamba hakuna waya wala bando, vyombo viwili vinatafutana hewani, na kimoja hakiingii kwa kingine kabla hakijaomba ruhusa. Akakuonyesha kwenye kioo: jina la kompyuta linatokea, chini yake vitufe viwili, cha kushoto ni karibu, cha kulia ni hapana. Wewe karani wa mizani ya kahawa, usiyeacha maandishi yapite bila kuyasoma, ukavaa miwani ukasoma kwa sauti neno moja lililokuwa pembeni.

"Wifi? Wifi wa nani huyu?"

Lugano alicheka mpaka akakaa chini. Akakwambia hiyo inasomwa waifai, ndiyo inayobeba picha. Ukasema basi hata mashine imejua kwamba kwa mkwe hufiki bila wifi. Mimi nilikuwa jikoni na kanga mdomoni, machozi yananitoka kwa kicheko. Sikuwahi kukwambia kwamba nilicheka.

Miezi minne baadaye lori lilimwangukia mwanao kwenye mteremko, upande wa Zambia. Habari ilipokufikia presha ikapanda, wakakukimbiza Mbeya, na tulipomzika Ileje wewe ulikuwa umelazwa. Uliporudi hukuuliza kitu. Ulikaa umeikodolea macho TV iliyozimwa. Nilipita nyuma ya pazia mara kumi kwa siku na sikuwa na namna ya kukupa pole. Mtaani kila mtu alinishika mkono; wewe uliyefiwa na mtu yuleyule niliyefiwa naye, ndiye pekee sikuweza kulia naye.

Baada ya arobaini wazee wakaanza kusema nirithiwe na shemeji, mdogo wake Lugano. Ni mtu mwema, ana mke wake Ileje, sina neno baya juu yake. Sikutaka tu. Nilitaka kulea watoto wangu wawili mwenyewe, kwa mshahara wangu wa ualimu, katika nyumba aliyoiacha baba yao. Nilijua ukoo utakusikiliza wewe kwanza, na kikao kilikuwa kimepangwa Jumamosi iliyofuata. Basi nikamwambia wifi jikoni akufikishie kwamba sitaki. Akaingia sebuleni, nikasikia mnanong'ona, akarudi akasema, "Baba anasema mila ni mila." Nikamtuma tena. Akarudi na jibu lilelile. Mara ya tatu aliniambia niache kukusumbua, wewe ni mgonjwa. Nikaanza kukuchukia, baba. Nalitamka kama lilivyokuwa. Nilikupikia uji huku nakuchukia.

Jumatano kabla ya kikao ulimwambia wifi unataka kuona mazishi ya mwanao. Video ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Wifi alikuandalia TV, akakupa rimoti mkononi, kisha akaondoka kwenda mpakani. Alisema hawezi kuyaona mara ya pili. Watoto walikuwa shule. Nikakaa kitandani upande wangu wa ukuta, nikabonyeza kompyuta itafute TV. Nilijua sebuleni kwako sasa limetokea jina, EDINA, maana Lugano ndiye aliyeipa kompyuta jina langu. Katika miaka tisa hukuwahi kulitaja jina hilo. Nikasubiri. Kompyuta ikasema imekataliwa au haikujibiwa. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu nikasikia ukisoma polepole, "E-di-na," na picha ikakubali.

Tuliyatazama mazishi pamoja, wewe kule, mimi huku. Katikati ukasema, "Rudisha." Niliganda. Halafu nikaelewa kwamba husemi nami, unasema na TV, na mtu kusema na TV yake si kosa. Nikarudisha. "Hapo. Simamisha." Nikasimamisha. Ilikuwa pale wanawake wawili wananishikilia nisidondokee kaburini, kanga imevuka kichwani, uso wangu wote uko wazi. Niliona aibu, nikataka kuifunga kompyuta.

Kisha ukaiambia TV, "Mtu aliyelia hivi, mbona amekubali upesi hivi kuolewa na mdogo mtu?"

Nilifungua ukurasa wa kuandikia, nikakuza herufi mpaka zikajaa kioo, nikaandika neno moja: SIJAKUBALI. Maandishi yalichelewa kidogo kufika kwako kama kawaida yake. Nikasikia miwani ikivuliwa, ikifutwa, ikirudi machoni.

"Niliambiwa umekubali," ukasema.

Nikaandika: NILIMTUMA MARA TATU AKWAMBIE SITAKI. AKANIJIBU UMESEMA MILA NI MILA.

"Mimi nilisema aulizwe mwenyewe. Basi." Ukakohoa. "Kumbe wote wawili tumesemewa."

Nami niliandika POLE, BABA, nikaiacha pale kwenye kioo mpaka niliposikia wifi anafungua geti. Nilikata mawasiliano haraka kama mwizi. Lakini pole ilikuwa imefika, na nilipoingia jikoni nililia kwa mara ya kwanza bila kuona kwamba nalia peke yangu.

Wifi nisimseme vibaya, na najua wewe ulimsamehe. Nilipomkabili hakubisha. Alikaa kwenye kinu akasema, "Ukikataa utaondoka, wifi. Na mimi nimeshampoteza kaka. Nitabaki na nani?" Alidhani akitufungia katikati yake, hakuna atakayetoka. Sikuwa na hasira ya kumjibu. Hata mimi wakati ule ningefanya lolote asiondoke mtu mwingine tena.

Jumamosi wazee walikuja wanne, na shemeji. Mimi nilikuwa chumbani na mama mdogo aliyetoka Iyula kunishika mkono. Mzee wa ukoo alizungumza kwa kirefu, akasema mjane amekubali, kilichobaki ni kupanga siku. Wewe ukasema hapana, mkamwana wako hataki, na hakuna wa kumlazimisha katika nyumba ya mwanao. Akakuuliza umeyasikia kwa mdomo wa nani. Nilijua wanamtazama wifi, nikajua pia kwamba ungeweza kuinamisha kichwa ukasema, "Kwa mdomo wa binti yangu," na jambo likaisha kwa heshima.

"Kwa mdomo wake mwenyewe," ukasema.

Haikuwa kweli. Hukuwa umesikia sauti yangu. Lakini ulijua ukieleza habari za TV watasema kiharusi kimekufika kichwani, na neno langu litatupwa. Ukachagua waseme umevunja mila na mke wa mwanao. Mzee yule alisimama akatoka, chakula nilichopika hakukigusa. Shemeji alibaki. Alikuja mlangoni kwa pazia akaniambia taratibu kwamba hata yeye hakuwa ameulizwa. Mama mdogo akanibana mkono mpaka ukauma.

Baada ya pale tulipata wiki tano, baba. Kila alasiri wifi akiwa mpakani, kompyuta yangu ilibisha hodi na wewe ukabonyeza cha kushoto. Hatukuzidisha. Uliiambia TV habari za Lugano ambazo sikuwahi kuzisikia: alivyoanza kutoroka shule kwenda kuhesabu malori, alivyokudanganya kwamba anasomea ufundi Mbeya kumbe ni utingo. Mimi nikakuandikia jinsi alivyonitongoza kwa kunibebea madaftari ya wanafunzi mia na ushei kwenye lori tupu. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Ndaga," asante ya kwenu, na nikajua hukusema na TV. Nilianza kuuona muda ule wa alasiri ndio unaonifanya niamke asubuhi.

Alhamisi ile ya mwisho nilikuwa nimeshaunganisha. Hata sijaandika kitu, wewe ukaanza. Sauti yako ilikuwa imepungua.

"Mama Tumpe. Kurithiwa umekataa, sawa, nimekuunga mkono. Sasa nauliza mimi kama mimi. Na sisi je, umetukataa?"

Nikaweka vidole kwenye kompyuta nikujibu. Umeme ukakatika.

Kompyuta yangu ilibaki inawaka kwa betri yake, lakini TV yako ilizima, nami nikajua una kioo cheusi mbele yako. Niliandika hata hivyo, nikaona nimeandika kwenye chumba changu peke yangu. Nikasimama nikafika kwenye pazia. Ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu, mgongo umenipa. Niliona kichwa chako kinasubiri, na rimoti bado mkononi. Nilikuwa na sauti, baba. Hakukuwa na mtu ndani ya nyumba, hakuna ambaye angejua. Wewe ulikwisha kusema mbele ya wazee kwamba umenisikia kwa mdomo wangu, umelipa aibu yote ya neno ambalo sikulitamka, na mimi neno moja la kukurudishia likanishinda. Nilisimama pale nikiombea umeme urudi. Baadaye ukasema, "Haya," kwa sauti ya chini, ukaweka rimoti kwenye kiti.

Umeme ulirudi jioni, wifi yuko nyumbani. Ijumaa ulikuwa na homa. Jumamosi gari lilikupeleka Mbeya, na hukurudi.

Nimejaribu kujifariji kwamba ulijua. Mama mdogo anasema wazee wanajua mengi kuliko tunavyowaambia. Inawezekana. Lakini uliuliza, na mtu anayejua haulizi. Ulikufa ukiwa na "Haya" yako ile, na mimi ndiye niliyekuachia.

Bado naishi katika nyumba ileile. Wifi bado yuko na mimi. Tunagombana juu ya chumvi na tunalala chumba kimoja watoto wakiumwa. Likizo zote watoto nawapeleka Ileje wakapalilie kahawa yako, wamjue shemeji kuwa ni baba mdogo wao. Yule mzee aliyekataa chakula changu alinipokea mzigo mwezi uliopita, akauliza kama Tumpe amefaulu. Hayo yote ni majibu, lakini hakuna hata moja ulilolisikia.

Kwa hiyo juzi nilipokuja kaburini niliwaacha wengine wakitangulia, nikasimama karibu, karibu kuliko mkamwana anavyoruhusiwa, nikasema kwa mdomo wangu. Wifi aliniona kwa mbali na hakuniuliza. Sasa naliandika pia ili lisipotee hewani.

Hapana, baba. Sikuwakataa.

Mkamwana wako,
Edina