Ladha ya Chuma

Ijumaa, 1 Novemba

Nimegundua kitu! Hata koti sijavua. Lile daftari la dalili linaloning'inia kando ya mashine ya kahawa — wakubwa walituletea tangu ukungu wa unyevu uonekane kwenye dari ya maktaba yetu — leo nimelisoma lote. Anachoandika wa kwanza Jumatatu, wiki nzima tunaumwa hicho hicho! Mwenzetu Veikko akiandika macho, sote macho. Raili akiandika kizunguzungu, basi hata mimi kizunguzungu, tena kwa mwandiko wangu! Kisa? Tunalijaza mezani, kila mtu anasoma cha mwenzake kwanza. Lo!

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefika kabla ya wote. Nikaandika: "Ladha ya chuma mdomoni." Uongo mtupu! Tuone.

Jumatano, 6 Novemba

Wawili tayari! Veikko anasema ni kama amelamba sarafu. Raili akamkatalia, wapi sarafu, huo ni msumari. Wakabishana! Nimekimbilia nyuma ya rafu kucheka. Ijumaa tunakutana na wakubwa na daktari wa afya kazini, nitawamwagia yote. Dari ni mbovu, sikatai, na kikohozi cha Orvokki ni kikohozi kweli. Lakini nusu ya ugonjwa wetu tunapakuliana wenyewe pamoja na kahawa.

Alhamisi, 7 Novemba

Orvokki naye ameandika. Orvokki wangu! Miaka kumi na tisa dawati moja, si mtu wa kulalamika ovyo. Amenivuta stoo, analia. Kikohozi angekivumilia, anasema, ila hii ladha imemtisha — ini sijui, figo sijui. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika, anaitoa kesho. Na pensheni imebaki miaka miwili! Nikaanza, Orvokki, sikia — akanikumbatia. Asante kwa kuthubutu kuandika, anasema. Nikanywea. Mjinga mkubwa mimi!

Ijumaa, 8 Novemba

Naandikia chooni. Mkutano umesimama, watu wako kwenye kahawa.

Mkurugenzi Haapanen aliinua daftari juu: haya, hiki chuma kakileta nani? Akacheka. Eti watu wa vitabu hata miayo mnaambukizana! Hasira zilinipanda, maana ndiyo maneno yangu mwenyewe, ila kinywani mwake yananuka. Nikasimama kusema ukweli. Orvokki akasimama pia, barua mkononi. Ni mimi, akasema. Ladha hiyo naisikia tangu Oktoba, niliogopa kuchekwa.

Oktoba! Mimi nimeitunga Jumatatu!

Daktari akauliza, una hakika? Kabisa, akasema, na hakuwa anadanganya, namjua, akidanganya shingo inamwiva nyekundu. Hapo Haapanen kalishusha daftari. Daktari kaanza kuandika. Mara ya kwanza mwaka huu mtu anaandika anachosema Orvokki! Nikitamka neno moja tu, hata kikohozi chake kitachekwa. Nisipotamka, barua inakwenda.

Raili anagonga mlango. Toka basi, bibi wee, daktari anakusubiri. Orvokki kamwambia wewe ndiye shahidi wake.