Waya Alioukanyaga Lameki

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Nimechoka. Nimechapa mitihani tangu asubuhi, na taipureta ya shule imegoma herufi A. Jaribu kuandika Kiswahili bila A!

Nimerudi nyumbani Kibeta jioni, nimemkuta Lameki amekaa kitandani na magazeti yake ya kompyuta kayatandaza mpaka upande wangu. Bado ana wazo lile lile: tujenge kompyuta wenyewe, hapa nyumbani, kipande kwa kipande. Tangu mwili umkatalie kurudi kwenye banda lake la redio pale mjini, hana lingine. Anataka niwe na mashine yangu, watu waniletee kazi za kuchapa hapa hapa. Kazi zipo. Ratiba za mazishi peke yake zingetulisha mimi na watoto, Mungu anisamehe.

Hasemi "nikishakufa". Anasema "ikifika wakati". Nami naitikia, kama vile tunaongea habari za mvua.

Alhamisi, 5 Agosti

Tumegombana kwa ajili ya prosesa. Watu wazima!

Mayenga alipita asubuhi. Ni mnunuzi wa sangara kule Muleba, mteja wa Lameki tangu enzi za redio za betri, na gari lake linapeleka samaki Kampala. Akatuambia kuna njia mbili. Muleba kuna Pentium ya zamani, ofisi fulani imebadilisha mashine zake. Haina ubaya, inawaka, kesho anaweza kuileta. Au atuletee vitu vipya toka Kampala: prosesa ya Celeron, na bodi ambayo baadaye inapokea hata Pentium III. Bodi ya kuongezeka, ndivyo alivyoiita. Ila hiyo tusubiri. Wiki mbili, labda zaidi.

Mimi nikasema mpya. Lameki akasema ya Muleba. Ya kuchapa tu, prosesa kubwa ya nini? Unanunua lori la kubebea mkungu mmoja wa ndizi, aliniambia. Weka memori ya kutosha, na diski nzuri, basi. Nikamjibu kwamba baadaye tutataka kuiongeza.

Akauliza nani ataiongeza.

Mayenga akajifanya anatafuta funguo za gari.

Nilikasirika, na hadi sasa ninavyoandika nimekasirika. Nikichukua ya kesho, nitakuwa nimekubali kwamba mwezi ujao hatuna. Sikubali! Nimemfuata Mayenga mpaka barabarani, nimemwambia alete mpya.

Jumapili, 15 Agosti

Kanisani nimekwenda peke yangu. Mchungaji akauliza habari za mzee, nikasema malaria. Akasema pole sana, malaria ya mwaka huu ni mbaya. Tukaangaliana, kila mmoja akaenda zake.

Lameki hawezi tena kushika bisibisi. Inamtoka. Kwa hiyo ananifundisha kwa mdomo, mimi nafungua redio mbovu na kuifunga, nafungua na kuifunga. Nimejua sasa kwamba kabla ya kushika bodi unagusa chuma kwanza, umeme wa mwilini ukutoke. Anasema mikono yangu ni ya chaki, si ya bisibisi. Alinicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo. Mifupa mitupu.

Ijumaa nilipompeleka kliniki nesi aliniuliza tena, lini nitapima na mimi. Nikamwambia nikipata nafasi. Nafasi ninayo. Siendi. Naogopa, basi.

Jumamosi, 21 Agosti

Vimefika! Kwenye gari la samaki. Boksi la bodi linanuka sangara, mpaka mapazia yananuka.

Nimeijenga mimi. Mimi! Lameki alilazwa sebuleni, mito miwili mgongoni, akawa ananielekeza kwa kidole. Prosesa si kama nilivyodhani. Ni kadi yenye feni mgongoni, unaisimamisha wima kwenye mlango wake kama kitabu kwenye rafu. Niliogopa kuisukuma. Kandamiza, haivunjiki, akasema, ukisikia ka! imekaa. Sikusikia kitu. Nikakandamiza tena kwa mikono miwili huku nimefumba macho. Ka!

Tulicheka. Muda mrefu sijamsikia akicheka bila kukohoa.

Halafu umeme ukakatika. Tumekaa mpaka giza limeingia, mashine ipo mbele yetu, imekamilika, haijawaka. Nikasema kesho.

Jumatatu, 23 Agosti

Umeme umerudi. Na mama mkwe amefika.

Ametoka kijijini Kaagya na kikapu cha ndizi kichwani, hakupumzika, hakunywa maji. Nilipopiga magoti kumsalimu akaniitikia nusunusu na kuuliza: waya uko wapi?

Sikumwelewa. Kumbe jana, nje ya kanisa, amewasikia watu wa mjini wakinong'ona kwa Kiswahili kwamba Lameki kakanyaga waya. Ndivyo wanavyosema siku hizi, ili wasiutaje ule ugonjwa. Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Kwake waya ni waya.

Akaingia sebuleni. Akaiona mashine haina ubavu, utumbo nje, nyaya nyekundu, njano, nyeusi. Akauliza, ni huu? Nikamwangalia Lameki.

"Ndiyo, mawe," Lameki akasema, akimwita mama kwa Kihaya. "Ni huo."

Alimdanganya mama yake kwa sauti ya upole kabisa. Mimi nilitaka kulia, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi mama alikuwa ameuchomoa waya wa umeme, kaukunjakunja na kuufunga kwenye pindo la kitenge chake.

Jumatano, 25 Agosti

Mama analinda. Mkeka wake ameutandika mbele ya mashine. Jirani akija kumwona mgonjwa, anamwonyesha kwa kidole: hiki ndicho kilichomla mwanangu. Wote wanaitikia. Hakuna anayecheka, na hakuna anayemsahihisha.

Waya mwingine ningeupata dukani, hiyo si shida. Shida ni kuuchomeka mbele ya macho yake.

Lameki hali tena. Uji vijiko viwili, basi. Leo ameniuliza kama feni ya prosesa inazunguka vizuri. Nimemwambia bado. Ningekubali ile ya Muleba angekwisha kuiona ikiwaka.

Ijumaa, 27 Agosti

Nimemwambia mama.

Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, yeye na kisu chake, mimi na changu. Nikasema kwa heshima, mawe, waitu, mashine haikumfanya kitu. Nikalitaja. UKIMWI. Kwa jina lake, kwa mara ya kwanza katika nyumba hii.

Mama hakuacha kumenya. Akasema waya huo anaujua. Umemzikisha Rweyemamu, ukamzikisha Kokubanza, watoto wake wengine, wote wako kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba.

"Ulidhani mimi mjinga?" akaniuliza. "Wale wawili nilimlaumu Mungu, nikachoka. Huyu niachieni mashine niilaumu."

Ndizi ikaniteleza ikaanguka kwenye maji.

Akafuta mikono. Akafungua pindo la kitenge, akautoa waya, akaniwekea mkononi. Nikashukuru, nikainuka. Lakini upande wa plagi hakuuachia. Tukawa tumeushika wote, mimi huku, yeye kule. Na hapo ndipo akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Na wewe, mwana wange? Umeukanyaga?"

Nimeuachia waya, nimemwambia naenda kuchukua bisibisi. Nimejifungia chumba cha watoto, naandika. Bisibisi iko hapa mezani, naiona. Mama bado yuko jikoni, waya uko mapajani kwake, anasubiri jibu. Na Lameki anaita kutoka kitandani, mara ya pili sasa, sauti yake ndogo sana. Anauliza kama imewaka.