Nilisema Mjukuu Wangu Kabemendwa, Sasa Wamenihama

Mpendwa mshauri Bi Martha, mimi ni mkubwa kwako kwa hiyo shikamoo yako nimeshaipokea, naomba msaada ingawa kwa kawaida mimi ndiye naombwa, Mpapura nzima hakuna shamba la mikorosho safi kama langu, na kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, nikawa wa kwanza. Mjukuu wangu Nasra wa miezi sita alishikwa na kikohozi, nikasema pale kwenye kahawa, huyu kabemendwa, wazazi wake wamekutana kimwili mtoto bado ananyonya, watu wakacheka na mimi nikakoleza maana nikisimulia mimi hakuna anayeondoka. Maneno yakamfika mkwe wangu Mwanaisha, akajifungia ndani na mtoto siku mbili, kumbe anaona haya kupita njia ya zahanati watu wamtazame, siku ya tatu nikaingia mwenyewe nikaona mbavu za mtoto zinabonyea kila akivuta pumzi, nikambeba, mama yake nyuma, bodaboda mbio, muuguzi akasema nimonia, akatibiwa, sasa anacheka ufizi wote nje na mimi nikicheka tunakuwa wawili tusio na meno, kwa furaha nimecheza sindimba peke yangu uani mpaka kuku wakakimbia. Tatizo Mwanaisha kahamia kwao Shangani na mtoto, na mwanangu kamfuata. Nimepeleka mihogo, karudisha. Nimepeleka jogoo, karudisha na ujumbe: "Baba, mlisema mbele ya watu, mkafute mbele ya watu." Mtu kama mimi nafuta vipi? Nipe njia nyingine.

Mzee Hamisi Nandonde, Mpapura

Mzee Nandonde, shikamoo tena, hii ya pili ni ya kumbeba mtoto. Hapo ulifanya la maana, na huo ufizi wenu umenichekesha. Lakini usijisifu sana: siku mbili zile Nasra alifichwa ndani kwa sababu ya mdomo wako. Nimonia haiji kwa wazazi kulala pamoja. Mtoto anayekohoa akipumua mbio, au kifua kikibonyea, ni zahanati saa hiyohiyo, na mama asipite njiani akihesabu macho ya watu.

Njia nyingine haipo. Jogoo hajui kuomba radhi. Leo jioni nenda kahawani, kaa palepale, kwa sauti ileile useme: "Nilimsingizia mkwe wangu, ilikuwa nimonia." Watakucheka. Waache, maana huenda hapo yupo baba ambaye wa kwake anakohoa nyumbani, na atanyanyuka ampeleke zahanati.

Kesho asubuhi nenda Shangani mikono mitupu. Usiulize mtoto yuko wapi. Muombe radhi Mwanaisha kwanza, kwa jina lake, ukiwa mlangoni. Asipokufungulia, rudi kesho yake, na siku inayofuata. Ubishi unao wa kutosha.