Kigingi Hakina Miguu

Worcester, 27 Julai 1868

Mpwa wangu Asahel,

Salamu. Mimi mzima, ila mkono unauma kwa kushikwa na watu. Tangu mashindano ya makasia ya Ijumaa mji wote umejua kuwa bila Orrin Pettingill vyuo viwili, chenu cha Penfield na kile cha Marlow, vingetoana macho pale ziwani. Jaji mmoja wa Boston alinivulia kofia.

Najua umenuna. Lakini mwamuzi hana ndugu. Nilikaa peke yangu katika mashua iliyobeba kigingi cha bendera, pale mnapogeukia kurudi, na macho haya huhesabu manyoya ya bata akiwa angani. Wardwell, mshika usukani wenu, aliwakatia njia watu wa Marlow akawavunjia makasia. Zogo lilipozuka nikanguruma: "Penfield mmeshindwa!" Ziwa likatulia kama maziwa bakulini.

Mama yako hajambo? Mwambie dada yangu kofia ya hariri aliyoninunulia kwa siku ile ilipendeza mno.

Mjomba wako,
Orrin

Penfield, 3 Agosti

Shikamoo mjomba,

Mama hajambo, ni magoti tu. Anauliza mbona waliokuona jioni ile wanasema ulikuwa kichwa wazi.

Elisha Wardwell hali wala halali. Vijana wa Marlow walimzomea kituo cha treni: "Mwizi wa njia! Hata bata mkae chonjo!" Wetu nao wamemgeuzia viti mezani. Anaapa alielekeza mashua pale kigingi kilipokuwa asubuhi, na alipofika hakikuwa pale. Walimu watakaa tarehe 12. Wakiamini alikusudia, watamfukuza, na ushahidi ni neno lako tu.

Mjomba, siombi upendeleo. Uliona?

Mpwa wako,
Asahel

Worcester, 8 Agosti

Mpwa wangu,

Nipo salama, sijui wewe na ulimi wako. Unaniuliza mimi kama niliona! Mimi niliyemwona nyangumi akipiga chafya, nimesimama juu ya paa langu hapa Worcester, mbali na bahari! Kigingi hakina miguu, kijana. Walimu nimewaandikia hivyo hivyo.

Kofia nimeihifadhi.

Mjomba wako,
Orrin

Penfield, 30 Agosti

Mjomba,

Wamemfukuza. Hakubishana. Amejiandikisha New Bedford kwenye meli ya kuwinda nyangumi, miaka mitatu au minne. Wataondoka tarehe 9. Nilipomsindikiza alisema, "Mwambie mjomba wako simlaumu. Mtu akiona, lazima aseme."

Asahel

New Bedford, 10 Septemba

Mpwa wangu,

Afya yako siulizi, sina uso wa kuuliza. Barua yako niliikalia siku nyingi, kisha nikapanda treni. Nimefika gatini leo asubuhi. Meli ilikwisha ondoka jana. Mzee mmoja anayesokota kamba akaniuliza, "Umefiwa, bwana, au umeachwa?" Nikakosa hata uongo wa kumjibu.

Walimu nimewaandikia upya. Nakala ya Wardwell nimemwachia wakala wa meli, imfuate bandari hadi bandari. Nawe msomee mama yako haya.

Siku ile ya mashindano, kabla hamjafika, upepo uliichukua kofia. Ilikuwa mpya, Asahel. Nikapandisha jiwe la nanga nikaifuata, na kigingi kilikuwa kimefungwa kwenye mashua, kikaenda nami. Mlipogongana nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono majini hadi begani, nimewapa mgongo. Sikuona kitu.

Na kofia yenyewe sikuipata.

Mjomba wako, ukikubali,
Orrin