Jibu Nililompa Meneja

Mpendwa Ticha,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa kaka yako. Natumaini mgongo umepungua kuuma, na kwamba wale wasichana wake wanamwachia shangazi yao walau nusu ya kitanda. Sisi huku miili ni mizima. Mume wangu anakusalimu, anasema nyumba imepoa tangu uache kuja kumtania.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Usidhani nimekudharau kwa kukawia kujibu. Nimeanza kukuandikia mara nne, na mara nne nimechana.

Nianze na habari za ghalani, maana najua unazitaka. Dawa zinaingia na kutoka kama kawaida. Dereva wetu kanyoa ndevu, sasa anafanana na mdogo wake mwenyewe. Darasa letu la mchana limekufa. Yale maboksi ya glovu bado yapo, hata ile ndoo uliyokuwa ukiikalia ipo, lakini hakuna anayekaa pale kufundishwa Kiingereza cha kuongea na wenzetu wageni kazini: namna ya kumwomba mtu akusogezee toroli bila kuonekana unamwamrisha, namna ya kumuuliza mwenzako ameamkaje, namna ya kusema samahani, hebu rudia, sijakuelewa. Dereva alishika haraka. Mimi ndiye niliyekuwa nakimbia kila ukileta zoezi la kuuliza na kujibu, ukaniita Mtoro, na jina likaniganda.

Sijui kama umeshasikia kwamba kazi yako ya kusimamia chumba cha baridi nimepewa mimi. Kama umesikia, hukuandika, na hilo limeniuma kuliko kama ungenitukana. Ndiyo, ni mimi. Nakalia kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa waya.

Na ule mlango wa chumba cha baridi, Ticha, unafunguka wenyewe. Mwezi wangu wa pili niliufunga, nikazungusha mpini mpaka ukalia, nikaenda kunawa. Niliporudi kuchukua koti nikaukuta wazi kiasi cha kupitisha mkono. Komeo limelika kwa ndani, ukilitazama harakaharaka huoni kitu. Nikausukuma kwa bega, nikaondoka, nisimwambie mtu. Ningesema nini? Kwamba mlango uliokutoa kazini haukuachwa wazi na mtu yeyote? Tangu siku hiyo nauegemezea kreti ya chupa za dripu. Jumapili nawadanganya nyumbani kwamba nina zamu, nakuja kuutazama tu, naugusa, nakaa, naugusa tena. Mume wangu ameanza kuniuliza maswali ya mwanamume mwenye wivu. Simlaumu. Mke gani anayevaa vizuri Jumapili kwenda kuonana na mlango?

Sasa nije kwa mlinzi wa getini. Uliandika kwamba ndiye aliyekuchongea, na kwamba mlipokutana njiani alikusalimu ukampa mgongo. Halafu ukanishukuru mimi, kwamba peke yangu nilisimama upande wako. Hapo ndipo kila barua ilipochanika.

Mlinzi hakusema neno. Hata kuitwa hakuitwa. Aliyeitwa ni mimi.

Ilikuwa Jumanne, siku moja baada ya yale maboksi ya dawa za sindano kukutwa yameharibika kwa joto. Meneja, unamjua, Kiswahili chake kinaishia kwenye asante. Karani wake alikuwepo, akaniambia, "Dada, nikutafsirie?" Nikamjibu asijisumbue, najiweza. Nilitaka aone. Nilitaka nirudi kwako nikwambie nimeongea na meneja uso kwa uso bila mtu katikati. Basi meneja akaniuliza polepole, kwa Kiingereza, kama wewe hukuufunga mlango Jumamosi ile mchana. Mimi nilikuona ukiufunga, Ticha. Nilikuwa nimesimama hapo nimekushikia daftari. Kwa hiyo nikajibu kwa sauti, "No!" Nikimaanisha si hivyo, aliufunga. Kwetu mtu akikuuliza, "Huyu mtoto hajala?" nawe unajua kashiba, utasema hapana, na hakuna atakayekwenda kumpikia. Yeye akasikia kwamba hapana, hukuufunga. Akarudia swali, nami nikarudia jibu kwa nguvu zaidi, nikidhani nakupigania. Akaandika. Nikatia sahihi. Karani alinitazama kwa jicho baya, nikadhani ni kijicho. Nikatoka shingo juu, nikakwambia nimekutetea, ukanikumbatia mbele za watu.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa mjinga tu, na ujinga watu husameheana. Lakini hayakuishia hapo.

Alhamisi ya wiki ileile dereva alikuwa anawapeleka wenzetu ghala dogo, pamoja na yule fundi mgeni wa mitambo ya baridi. Fundi akaniuliza kwa Kiingereza kama siendi nao. Nikasema, "No!" nikageuka kuchukua mkoba wangu. Nikasikia gari linaondoka. Nikabaki uwanjani na mkoba begani, watu wakinicheka, nami nikacheka nao, na katikati ya kicheko nikalirudia swali lake moyoni. Nikaelewa alichoniuliza. Nikaelewa nilichojibu. Nikaelewa nilichotilia sahihi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Wewe walikutoa Ijumaa saa tisa.

Nilikuwa na siku nzima, Ticha. Nilijifungia chooni, na kutoka pale hadi mlango wa meneja ni hatua kumi na nane, nimezihesabu mara nyingi baadaye. Lakini Jumatano karani alishaninong'oneza kwamba ukiondoka wewe, nitakaa mimi. Nikajiambia Kiingereza changu hakitoshi kueleza jambo zito kama lile. Kilitosha. Kusema nimekosea ni jambo la somo la kwanza.

Juzi Jumatatu nimekwenda. Nimemweleza meneja yote, la mlango na la jibu langu. Safari hii nilimwelewa kila neno, na afadhali nisingemwelewa. Alisema shauri lilishafungwa. Alisema mtu aliyetia sahihi neno lisilo kweli hawezi kubaki kwenye ghala la dawa. Kwa hiyo ama naondoa maneno yangu, tunasahau, fundi anaitwa kimyakimya kubadilisha komeo, ama nayaandika na ninaondoka. Kanipa mpaka Ijumaa. Unajua kwangu unaingia mshahara mmoja tu, na unajua ni wa nani.

Nimeandika. Karatasi iko ndani ya bahasha hii, kwa Kiingereza changu, sikumwomba mtu anisahihishe. Inasema uliufunga, kwamba nilikuona, na kwamba niliujua ukweli kabla hujatoka nikanyamaza. Ina sahihi yangu na tarehe. Nilitaka niiweke mezani kwa meneja, lakini najijua. Ijumaa inaweza kunikuta tena kule chooni. Ndiyo maana natuma kwako, tena nitaipeleka posta sasa hivi kabla mkono haujabadili nia.

Barua hii ikikufikia, Ijumaa itakuwa imepita, nami nitakuwa nimeshamwambia meneja neno moja au jingine. Usiniulize ni lipi, wala usilisubiri. Karatasi unayo. Ipeleke ofisi ya kazi, au kaa nayo, au ichane, ni haki yako. Ukiipeleka, wakiniita, sitaikana.

Sikuombi unisamehe, maana nitakuwa nakuongezea kazi. Nisalimie kaka yako na mkewe, na wasichana. Pole kwa mgongo. Na ukikutana tena na yule mlinzi, tafadhali, mwitikie salamu yake.

Ni mimi, mwanafunzi wako,

Mtoro