Ndoo za Mheshimiwa

Kibokoni, Mombasa

Kwako dadangu Mwanakheri,

Assalaam aleikum, na salamu hii ikukute umekaa kitako, si umesimama jikoni. Vipi mgongo wako? Vipi shemeji na kifua chake? Nawaombea kila baada ya swala, na wajua dua zangu hazikawii. Mimi ni mzima. Joto la mwaka huu limemshinda kila mtu Mombasa ila nduguyo. Wenzangu huku Makadara, penye kibanda changu cha redio, wajipepea kwa maboksi, mimi navaa koti.

Barua yako niliipokea kwa dereva wa basi, nikaisoma, nikainuka, nikaisoma tena. Wasema Swabra yuwataka kusomea utangazaji, nawe umekataa katakata. Wasema stesheni zimejaa tayari kama nzi kwenye embe, na kwamba mtoto wa kike akiwasema wakubwa atatuletea balaa nyumbani. Dada, mimi ni mjombake, na mjomba ana neno lake. Kabla hujamfungia mlango, nikwambie yaliyompata Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu.

Bi Zuhura huuza mahamri na mbaazi barazani kila asubuhi. Ndilo pato lake, tangu mumewe atangulie mbele ya haki. Sasa huku mtaani bomba limekauka siku nyingi, twanunua maji kwa wenye mikokoteni. Mheshimiwa wetu, mwakilishi wa wadi, alitangaza mradi: mabomba mapya na tangi. Kaunti ikalipa. Mtaro ukachimbwa, ukafukiwa, na ndani halikulazwa bomba hata moja. Watu wakenda ofisini kwake kuuliza, huambiwa waje siku nyingine.

Ndipo akaja mwandishi wa gazeti moja kubwa la Nairobi. Aliposhuka Mwembe Tayari akauliza nani aujuaye mji huu, na kila mtu akamwelekeza kwa fundi wa redio wa Makadara, yaani mimi. Kijana mwenye adabu, lakini Kiswahili chake cha darasani, kimepigwa pasi. Nikampeleka barazani kwa Bi Zuhura. Akawasha simu inase sauti, akamuuliza Mheshimiwa amewapa nini tangu mradi uanze.

Bi Zuhura akamjibu, na nilikuwapo: "Atupe nini, mwanangu? Kila twendapo ni ndoo. Leo ndoo, kesho ndoo, mpaka ndoo zake zimetujaa."

Nikacheka, maana wewe nami tukisema ndoo twamwita mtu aje, kama mtu wa bara asemavyo njoo. Mwandishi naye akacheka. Kumbe twacheka mbalimbali. Yeye alisikia ndoo ya kutekea maji.

Gazeti lilipotoka, kichwa cha habari kikasema wakaazi wa Mji wa Kale wamejaa ndoo za Mheshimiwa, na jina la Bi Zuhura chini yake, na picha yake ana tabasamu. Dada, sijapata kuona mtu akiokota uongo asioutunga kwa haraka kama Mheshimiwa alivyouokota ule. Kesho yake alipita na vipaza sauti akisema kila nyumba imepewa ndoo, pesa za mradi zimeingia humo, na kwamba alizinunua kwa Mzee Kassamali, yule mwenye duka la vyombo vya plastiki. "Hamkusoma wenyewe?" akawa auliza.

Watu wakageuka. Badala ya kumuuliza Mheshimiwa ndoo ziko wapi, wakamuuliza Bi Zuhura. Ikasemwa amezipokea za mtaa mzima akaziuza. Wateja wakahamia baraza ya pili. Nilimkuta asubuhi moja na karai limejaa mahamri yaliyopoa, na hapo hapo mwenye mkokoteni apita akiita maji. Akaniambia polepole, bila kuniangalia: "Fundi, mimi nilisema ndoo, nikaandikiwa ndoo. Nitamshitaki nani?"

Nilikula yale mahamri yote siku hiyo, karai zima, na jioni bado nilikuwa na njaa. Lakini jina lililochafuliwa haliliki likamalizwa.

Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini redio nazijua. Hapa Kibokoni pana stesheni ndogo, chumba kimoja juu ya duka la halua, na mtangazaji wake ni msichana, Rukia, mtoto wa mtaa huu huu. Nikapanda ngazi nikamwambia. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili, kwa sababu bibi yake Rukia alimwita ndoo tangu akitambaa. Akampigia yule kijana wa Nairobi, kwa adabu, akamwomba ile sauti. Naye mwandishi, Mungu amlipe, hakuificha. Aliituma, na akasema kwamba kama amekosea, yuwataka kujua amekosea wapi.

Siku ya kuicheza hewani nilizitoa redio zote za kibandani, za wateja na zangu, nzima na mahututi, nikazifungulia pamoja. Wallahi kunguru wa Makadara waliruka wote. Ukiwaona huko Lamu ni wetu, wafukuze warudi. Sauti ya Bi Zuhura ikatoka: leo ndoo, kesho ndoo. Mtaa mzima ukasikia vile ilivyosemwa, na yule aliyetangulia kuyahama mahamri yake akawa wa kwanza kushika mbavu. Kicheko kilifika hadi ufuoni Mama Ngina, hadi wauza mihogo wakauliza kuna nini. Kisha Rukia akamuuliza hewani, Bi Zuhura, ni ndoo gani? Akasema, "Ya kuja, mwanangu. Ya kutekea sijaiona."

Mheshimiwa akasema stesheni ya chumba kimoja si chombo cha habari. Siku ya pili, katika kipindi cha Kigujarati cha stesheni nyingine, Mzee Kassamali akapiga simu mwenyewe. Ni mtu mwoga wa maneno, kwa Kiswahili asingethubutu, lakini pale alikuwa akiongea na watu wake. Mimi Kigujarati nakijua sana, ila siku hiyo mawimbi yalikuwa mabaya, basi Mhindi mshonaji jirani yangu akanifasiria. Mzee alisema Mheshimiwa hajanunua kwake hata kifuniko cha ndoo.

Na hapa, dada, ndipo pa hofu yako. Rukia alipigiwa simu akaambiwa anyamaze au atajuta. Unajua alifanya nini? Aliyasoma maneno yale hewani, neno kwa neno, kama arusha tangazo la tanzia. Angelikuwa peke yake pengine wangemnyamazisha. Lakini Mzee Kassamali ameshasema kwa lugha yake, na kijana wa Nairobi ameshaandika upya, amekiri kosa lake, kisha akaenda kaunti kuuliza aliyepewa kazi ya mabomba ni nani. Akaambiwa: ni shemeji wa Mheshimiwa. Mtu ana mikono miwili tu, dada. Aziba mdomo upi auache upi?

Wasema stesheni zimejaa. Nami nakwambia redio ishikayo stesheni moja si redio, ni kasuku. Lile gazeti lina sauti ifikayo kwa wakubwa, lakini halina sikio la Kibokoni. Rukia ana sikio, lakini kaunti hawamfungulii mlango. Kassamali alikuwa na ushahidi, akakosa pa kuusema ila kwao. Ukimwondoa mmoja, Mheshimiwa yuwaongea mpaka leo.

Sasa ameitwa mbele ya kamati ajieleze. Shemejiye amenyang'anywa kazi, mtaro umefukuliwa, na safari hii mabomba nimeyaona kwa macho yangu. Nilisimamia mwenyewe, mafundi hawakuthubutu kulaza bomba kabla sijatikisa kichwa. Maji huja kwa zamu, si kila siku, lakini huja. Na asubuhi baraza ya Bi Zuhura ina foleni, hata mimi mpangaji wake nasubiri kama mtu wa kawaida.

Swabra ana sikio la kwetu, ajua bibi zake wasemavyo. Sikio hilo halifundishwi chuoni, na chuo kitampa hayo mengine. Bi Zuhura amemwekea chumba cha juu, na Rukia amesema atamshika mkono. Likija balaa, litanipitia mimi kwanza, na balaa lanijua.

Nisalimie shemeji, umwambie tangawizi ya Mombasa naituma kwa basi. Msalimie shangazi mwenye kutulea, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mwambie bakora zake bado nazikumbuka kwa heshima. Na ile redio yako ya kijani iliharibiwa na mchwa, si mimi.

Barua hii mpe Swabra aisome mwenyewe. Mwambie mjombake asema ndoo. Na asibebe chombo, maji yapo.

Ni mimi nduguyo,
Athmani, Fundi wa Mawimbi