Besi kwenye Ukuta wa Mbao

Yaya wangu, dada yangu mukubwa,

Goma nzima hakuna mutu mwenye bahati kama mimi, na ninaandika hivyo bila haya. Orkestra moja ya mutaa wa Himbi, ile inayopigia watu wa mashirika kando ya ziwa, imenichukua kuwa mupigaji wao wa besi. Walinibembeleza. Nikawaambia nitafikiri kwanza. Kwa hiyo ule ujumbe wa sauti ulionitumia kutoka Kampala, kwamba kama sipigi tena nipeleke gitaa yako ya besi kwa kwaya, tafadhali uufute.

Unakumbuka ulivyonianzisha? Umeme ulikatika mutaani kwetu Majengo, ampli ikanyamaza, mimi nikainuka niende kwenye mupira. Ukasema, "Kaa." Ukakigandamiza kichwa cha gitaa kwenye ukuta wetu wa mbao, ukapiga uzi munene. Nyumba yote ikanguruma. Sufuria za mama zikatetemeka kwenye misumari yake. Upande wa pili jirani yetu, Mama Neema, akagonga ubao:

"Nani anawasha lori humo ndani?"

Ukaendelea. Akagonga tena: "Basi musizime. Ninatwanga nayo majani ya sombe."

Mimi, kusema kweli, nilitaka solo. Mupiga solo ndiye anabandikwa noti kwenye paji la uso, ndiye wasichana wanamuangalia. Nikakuuliza kwa nini binti murembo kama wewe ujifiche nyuma na nyuzi nne. Ulingoja arusi ya binamu yetu. Katikati ya wimbo, jasho linawatiririka watu, ukainua vidole tu. Solo akaendelea, muimbaji akaendelea, lakini kiuno cha papa, baba yetu, kilisimama nusu ya njia. Muzee akaangalia viatu vyake kama vimemusaliti. Shangazi akamugeukia mupiga ngoma: "We, umesinzia?" Maskini, kijana wa watu alikuwa anapiga mpaka mikono inamuuma. Ukarudisha vidole, na arusi ikarudi. Hakuna aliyejua ni wewe. Ukanikonyeza.

Tangu siku ile sijatamani chombo kingine. Solo anaomba watu wamupende. Besi inawashika kiuno bila kuomba ruhusa. Kuna utamu gani unaopita kuwachezesha watu ambao hawajui hata uko wapi?

Sasa jioni ni mimi ninayeegemeza gitaa kwenye ukuta. Mama Neema amezeeka, masikio yamechoka, lakini anaweka kiganja kwenye ubao na mabega yanaanza kucheza. Juzi aliita: "Yaya wako amerudi?"

"Hapana, mama. Ni mimi."

Akagonga ubao mara moja. "Basi umekuwa mutu."

Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka.

Umusalimie shemeji, uwakumbatie watoto. Ila gitaa uniachie, Yaya. Kwaya ina kinanda na ina Mungu, haitakufa. Mimi nina ukuta. Na hao wa Himbi hawakunichukua: nilienda mwenyewe kuwaomba, wakachukua mwingine, hata jina langu hawakuuliza.

Mudogo wako wa Majengo